Kumchagua Shahidi wa Sarafu

Katika mwaka 1916, wakati majeshi ya Waingereza na ya Kongo ya Kibelgiji yalipokuwa yakiibana nchi iliyoitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na manowari za Waingereza zikiwa zimeifunga pwani hata Ujerumani isiweze tena kuleta fedha za kuwalipa askari na wauzaji wa chakula, serikali ya kikoloni iliitwaa karakana ya reli karibu na Tabora, ikayeyusha dhahabu iliyochimbwa Sekenke, ikapiga sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na upande wa pili tai wa dola ya Wajerumani. Kazi hiyo ilidumu miezi michache tu, kwani mwezi wa Septemba wa mwaka uleule Tabora ilitekwa. Na sarafu zote za dhahabu zilizotoka humo hazikutimia 17000. Ni ndogo, uzito wake gramu saba na kidogo, lakini mpaka leo wakusanyaji wa Ujerumani, Marekani na Uingereza huitafuta kwa shauku, na palipo na shauku ya namna hiyo hapakosi mtu wa kuighushi.

Mtu wa Singida au wa Dar es Salaam aliyeirithi sarafu hii, akataka kuiuza kwa mtu wa Hamburg ambaye hawajapata kuonana, hukabiliwa na maswali matatu ambayo hawezi kuyajibu kwa kinywa chake. Je, ni ya kweli ama ni bandia? Iko katika hali gani, ukilinganisha na wenzake waliosalia duniani? Na je, imepata kuchezewa kwa kusuguliwa, kutobolewa, kuchomelewa au kujazwa? Muuzaji ana sababu ya kuisifu, mnunuzi ana sababu ya kuitia ila, na kila mmoja wao aweza kuwa mkweli ilhali kauli yake haina nguvu kwa mwenziwe. Kwa ajili ya pengo hilo zilizuka kampuni ambazo kazi yake ni kuipokea sarafu ya mtu, kuikagua, kuithibitisha, kuipa daraja, kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki angavu pamoja na kijikaratasi cha hukumu yake, na kuirudisha kwa mwenyewe. Kampuni hizo ni nyingi, ada zao zinahitilafiana, na majina yao hayana uzito mmoja.

Kampuni ya namna hii ni kama shahidi mbele ya kadhi. Ushahidi hauthaminiwi kwa ufasaha wa maneno yake wala kwa uzuri wa nguo za aliyeutoa, bali kwa uadilifu wake, kwa kuwa hana fungu katika mali inayogombaniwa, na kwa kuwa wale wanaomsikiliza wanamjua na wamepata kumjaribu. Atakayelishika jambo hilo hatababaishwa na matangazo. Atajiuliza kwanza: mnunuzi wa sarafu yangu ni nani, na yeye humwamini shahidi gani?

Nambari inayoandikwa juu ya kasha hudhaniwa na wengi kuwa ni kipimo kama cha mizani au cha joto, kitu ambacho mashine ingeweza kukisoma bila ya rai ya mtu. Sivyo. Asili yake ni kitabu kilichotolewa mwaka 1949 na William Sheldon, Mmarekani mtaalamu wa elimu ya nafsi, ambaye alizipenda mno senti kubwa za shaba za miaka ya mwanzo ya taifa lake. Sheldon alipanga madaraja kutoka 1 hadi 70, naye alikusudia ziwe nambari za bei: ikiwa senti ya namna fulani iliyochakaa kupita zote ina thamani ya dola 1, basi ya namna hiyohiyo iliyo kamilifu ingekuwa na thamani ya dola 70. Haikuchukua muda bei za soko zikaiacha nyuma hesabu hiyo, lakini nambari zenyewe zilisalia, zikaenea kutoka senti za Marekani hadi sarafu za ulimwengu mzima. Nina sababu ya kuongeza habari moja ya kusikitisha. Baada ya kufa kwake ilibainika kwamba Sheldon alikuwa akizitwaa kwa siri senti bora za taasisi ya American Numismatic Society na kuziweka mbovu mahali pake, na jambo hilo lilifikishwa mbele ya mahakama za California. Kumbe ustadi wa kupanga madaraja na uaminifu wa kuyatumia ni mambo mawili yanayoweza kutengana, na mwenye sarafu inampasa ayatafute yote mawili.

Katika madaraja hayo ya 1 hadi 70, yale ya 1 hadi 58 ni ya sarafu zilizopita mikononi mwa watu, kuanzia ile ambayo maandishi yake yametoweka karibu yote hata ile ambayo ni ncha za juu tu za nywele au manyoya ya sura zilizoguswa kidogo. Kuanzia 60 hadi 70 ni zile ambazo hazikupata kutumika sokoni, na tafauti baina yao ni ya mikwaruzo ya gunia na ya sanduku, ya nguvu ya chapa, na ya mng'aro wa uso ambao sarafu huzaliwa nao pindi inapobanwa baina ya chapa mbili. Jicho lisilozoea halioni tafauti ya 64 na 65, lakini kwa sarafu adimu hatua hiyo moja yaweza kuongeza bei mara kadhaa. Hapo ndipo mwanya wa dhuluma ulipokuwa. Katika miaka ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 muuzaji wa Marekani alikuwa ndiye hakimu wa bidhaa yake mwenyewe, na ilikuwa desturi ya wasio waadilifu kuinunua sarafu kwa daraja la chini na kuiuza kesho yake kwa daraja la juu, sarafu ikiwa ileile.

Chama cha wakusanyaji wa Marekani kilianza mwaka 1972 kutoa vyeti vya uhalisi kwa idara yake iliyojulikana kama ANACS, na mwaka 1979 kikaanza kuandika na madaraja. Lakini cheti kilikuwa karatasi na picha, na mtu mwenye hila aliweza kukioanisha na sarafu nyingine. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1986, wakati kampuni ya PCGS ya California, iliyoanzishwa na David Hall pamoja na wafanya biashara wenziwe, ilipoanza kazi ikiwa na mambo mawili mapya: kasha lililofungwa moja kwa moja, lisilofunguka ila kwa kuvunjwa, na ahadi ya fedha taslimu kwamba ikiwa kampuni imekosea, italipa. Mwaka uliofuata John Albanese alianzisha NGC huko New Jersey, ambayo leo makao yake ni Sarasota, Florida. Hizo mbili ndizo zilizoshika soko. ANACS ingali hai, ingawa si mali ya chama tena. ICG ilizaliwa mwaka 1998. Na Albanese huyohuyo alianzisha CAC mwaka 2007, ambayo kwanza ilikuwa ikitazama tu sarafu zilizokwisha kufungwa na PCGS au NGC na kubandika alama ya kijani juu ya zile ilizoziona kuwa imara katika daraja lake, kisha mwaka 2023 ikaanza nayo kupima na kufunga makasha yake.

Yafaa kujua yanayotendeka huko ndani. Sarafu inapofika hupewa nambari ya kazi, na jina la mwenyewe huondolewa katika safari yake, ili mpimaji asijue kama anatazama mali ya tajiri mkubwa au ya mtu aliyetuma moja tu maishani mwake. Mpimaji huketi katika chumba kilichofifishwa, chini ya taa moja, akaishika sarafu kwa kingo zake, akaizungusha polepole ili mwanga upite juu ya uso wake. Akimaliza huandika rai yake bila ya kuiona ya mwenziwe, na sarafu huenda kwa mpimaji mwingine. Hitilafu zikitokea, mkubwa wao huamua. Kisha hufungwa, hupigwa picha na kurudishwa. Mizani na vyombo vya kupimia madini vimo, na vinasaidia kuzikamata bandia, lakini daraja lenyewe ni rai ya watu waliotazama sarafu nyingi mno, na rai hubadilika. Sarafu moja ikipelekwa mara mbili katika kampuni ileile yaweza kurudi na nambari mbili, na ukweli huo haufichwi na mtu yeyote aliyezoea biashara hii.

Sasa na turudi kwa tembo wa Tabora, kwa kuwa yeye atatuonyesha bora kuliko maelezo kwa nini ujuzi wa mpimaji wa sarafu za nchi nyingine hauwezi kuletwa hapa bila ya maarifa ya hapa. Kazi ilifanywa vitani, kwa vyombo vya karakana ya reli, si kwa mashine za Berlin. Kwa hiyo sarafu iliweza kutoka na sehemu zilizofifia tangu siku ya kuzaliwa kwake, bila ya kuguswa na mkono wa mnunuzi hata mmoja. Mtu asiyejua akiona sikio la tembo halina mistari yake yote husema imechakaa. Mjuzi hutazama jambo jingine: mahali palipochakaa kwa kushikwa, mng'aro wa asili umekatika na rangi ya dhahabu imegeuka, ilhali mahali ambapo chapa haikuingia vizuri uso ni mzima na una mng'aro wake wa asili, ila tu sura haikujaa. Hukumu hizo mbili zaweza kutenganishwa na madaraja kadhaa na fedha nyingi. Kadhalika, sarafu hizi zina namna mbili, zinazotambulikana kwa mahali ambapo ncha ya pambo lililo chini ya tai imeelekea katika herufi za neno Ostafrika, na idadi za namna hizo hazikulingana. Kampuni ambayo haiandiki namna hiyo juu ya kasha imefanya nusu ya kazi.

Kwa sababu hiyo, mimi kwa sarafu za pwani yetu na za bara lake ningechagua baina ya PCGS na NGC, wala nisingeyumba. Sisemi hivyo kwa kudharau nyingine. CAC, mathalani, ina heshima kubwa, lakini shughuli yake imejengwa juu ya sarafu za Marekani, na alama yake ya kijani haimfai mtu mwenye rupia ya Kijerumani au pesa ya Mombasa ya mwaka 1888. ANACS na ICG ni kampuni za kweli na ada zao aghalabu ni nafuu, na mtu anayetaka tu kujua kama sarafu yake ni halisi, bila ya nia ya kuuza, hatapoteza kitu kwa kuzitumia. Lakini atakayeuza ajue kwamba minada mikubwa ya sarafu za dunia, ile ambayo Wajerumani na Wamarekani hushindana kuzinunua sarafu za Afrika ya Mashariki, kwa sehemu kubwa hutangaza makasha ya hizo mbili, na wanunuzi wake hutoa bei kwa kuyaona tu. NGC imejipatia nguvu ya pekee katika sarafu za nje ya Marekani, na ina idara mahsusi ya sarafu za kale ambayo haitosheki na nambari moja, bali huhukumu chapa na uso kila kimoja mbali, kwa alama zisizozidi tano.

Asiyetaka kuniamini anayo njia ya kujihakikishia mwenyewe, na hiyo ndiyo njia ninayoisifu kuliko nasaha za mtu yeyote. Nyumba za mnada huweka wazi kwenye intaneti bei za mauzo yaliyopita. Tafuta sarafu kama yako, ya mwaka uleule na daraja lilelile, uone ilivyouzwa ikiwa katika kasha la kampuni hii na ikiwa katika kasha la kampuni ile. Zipo kampuni ambazo sarafu yao yenye nambari 66 huuzwa kwa bei ya 63 ya wengine. Maana yake ni kwamba wanunuzi wameshausikiliza ushahidi wao mara nyingi, wakauona una chumvi, nao wakajifunza kuupunguza. Na zipo nyingine, ambazo sitazitaja, zilizoundwa na wauzaji wenyewe ili wazifungie bidhaa zao madaraja ya juu. Makasha yao ni mazuri kuyatazama, lakini shahidi ambaye ndiye mdai ushahidi wake haukubaliwi. Swali la kuuliza juu ya kila kampuni ni hili: je, yenyewe inanunua na kuuza sarafu inazozipima?

Nimetaja dhamana, na hapa mtu asione uvivu wa kusoma masharti. Kampuni kubwa huahidi kwamba sarafu iliyothibitishwa nayo ikibainika kuwa ni bandia, au ikiwa imepewa daraja la juu kuliko haki yake, italipa tafauti au itainunua. Ahadi hiyo ndiyo inayotenganisha rai yenye uzito na rai ya barazani. Lakini ina mipaka, na mpaka unaotuhusu sana sisi ni wa shaba. Sarafu ya shaba hugawanywa kwa rangi, nyekundu ya asili, nyekundu iliyochanganyika na kahawia, na kahawia. Na kwa kuwa shaba haiachi kubadilika, hususa katika hewa ya chumvi na unyevu kama ya Lamu, Mombasa au Unguja, dhamana huliacha nje badiliko la rangi linalotokea baada ya kufungwa. Mwenye pesa ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, ile yenye mizani, au heller ya Kijerumani ambayo bado ina wekundu wake, asidhani kwamba kasha ni ngome. Kasha huzuia vidole na mikwaruzo. Halizuii hewa kabisa. Na kwa sarafu za kale sana masharti ya dhamana hutafautiana na yale ya sarafu za zama zetu, basi yasomwe yenyewe kabla ya kulipa.

Jambo linaloniuma kuliko yote katika habari hii ni kusafisha. Watu wetu ni watu wa usafi, na kitu cha fedha kilichokuwa cheusi sandukuni hutolewa, kikasuguliwa kwa majivu na ndimu, au kwa mchanga laini, mpaka kikang'ara, kwa mapenzi na kwa heshima ya aliyekiacha. Kumbe weusi ule juu ya rupia ya fedha haukuwa uchafu, bali ni ngozi iliyojitengeneza kwa muda wa miaka mingi na kuuhifadhi uso uliokuwa chini yake. Na ule mng'aro mpya si mng'aro wa asili, bali ni mikwaruzo midogo elfu inayorudisha mwanga bila ya mpango. Chini ya taa ya mpimaji mambo hayo yako bayana. Sarafu hiyo haikataliwi, lakini hainyanyuliwi pia: hurudi katika kasha bila ya nambari, imeandikwa tu kiasi cha sura zilizosalia pamoja na ila yake, kwamba imesafishwa. Hukumu kama hiyo huziangukia pia rupia na riale zilizotiwa vikuku, mikufu na vipuli vya bibi zetu, kwa kuwa mahali palipochomelewa kishikizo hapapotei, hata kikiondolewa na sonara hodari wa namna gani. Pambo la namna hiyo lina thamani yake kama pambo, na aghalabu ni kubwa kuliko ya sarafu iliyoharibiwa kwa kulibomoa. Nawasihi walio na mapambo hayo wayaache yalivyo.

Aidha, si kila sarafu inastahili ada. Riale ya Maria Theresa, iliyotawala biashara ya pwani yetu, ya Uarabuni na ya Uhabeshi kwa muda mrefu, imeandikwa mwaka 1780 juu ya kila moja, lakini imepigwa tena na tena baada ya mwaka huo, Vienna, na baadaye London, Roma, Paris, Bombay na kwingineko, ikibaki na tarehe ileile kwa sababu wafanya biashara walikuwa hawakubali nyingine. Nyingi katika hizo zina thamani ya fedha iliyomo tu na kidogo juu yake. Kuipeleka Florida, kuilipia upimaji, posta na bima, ukarudishiwa kitu kilekile kikiwa ndani ya plastiki, ni kutumia fedha nyingi kuliko utakazopata. Isipokuwa mjuzi amekwisha kuitazama na kusema kuwa ni ya mapigo ya mwanzo au ya karakana adimu, na iache. Shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, zenye simba mbele ya milima, nazo nyingi ni za kawaida, ila baadhi ya sarafu za Bodi hiyo za mwaka 1920, wakati wa florini, kabla ya shilingi kuanza mwaka 1921, ni za kutafutwa. Kinyume chake, sarafu za dhahabu za Kenya za mwaka 1966 zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na zile za Tanzania za mwaka 1974 za kuhifadhi wanyama wa mwitu, zilipigwa kwa ajili ya wakusanyaji, baadhi kwa uso wa kioo, na alama moja ya kidole juu ya uso huo yaweza kuishusha daraja. Hizo ulinzi wa kasha unazifaa, na daraja la juu linalipa.

Atakayeamua kupeleka ajue kwamba PCGS na NGC hupokea sarafu kwa wanachama wao waliolipa au kwa mawakala waliowaidhinisha. Kampuni hizo zimefungua na ofisi Ulaya, NGC mjini Munich na London, PCGS mjini Paris, ambazo kwa mtu wa Afrika ya Mashariki au wa Muscat zaweza kuwa njia fupi kuliko kuvuka bahari ya Atlantiki. Gharama haikomei katika ada ya upimaji, ambayo hupanda kwa kadiri ya thamani ya sarafu na haraka ya mwenyewe. Ipo posta ya kwenda na kurudi, ipo bima, na upo ushuru wa forodha ambao huweza kudaiwa wakati mali yako mwenyewe inaporejea, usipokuwa umeandikisha wakati wa kuitoa kwamba inakwenda kukaguliwa tu. Kabla haijatoka mkononi mwako ipige picha pande zote mbili na ukingo wake, ipime uzito, uyaandike. Ukimpa wakala, chukua stakabadhi inayoitaja kwa picha na uzito, si kwa neno "sarafu moja ya zamani".

Kwa upande wa mnunuzi, lipo onyo. Wale waliokuwa wakighushi sarafu sasa wanaghushi na makasha, pamoja na vijikaratasi na nambari zake. Njia ya kujilinda ni kuiingiza nambari ya cheti katika tovuti ya kampuni yenyewe, na kuilinganisha picha iliyohifadhiwa huko na sarafu iliyo mbele yako, alama kwa alama: mkwaruzo ulio juu ya mgongo wa tembo katika picha lazima uwepo, palepale, juu ya mgongo wa tembo unayemnunua. Nambari kuwa sahihi haitoshi, kwa maana mghushi huinakili nambari ya kweli ya sarafu ya mtu mwingine. Tena, usiitegemee mno orodha inayoonyesha ni sarafu ngapi zimepata daraja fulani. Wapo wauzaji ambao huvunja kasha na kuipeleka tena sarafu ileile, mara ya pili na ya tatu, wakitumaini nambari ya juu. Na kila safari huhesabiwa kuwa sarafu mpya, ila wakiirudisha karatasi ya kwanza ili ifutwe, jambo ambalo wengi hawalifanyi.

Liko swali ambalo hakuna kampuni katika hizi inayoliuliza kwa uzito unaostahili, nalo ni wapi sarafu ilikotoka. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba karne nyingi kabla ya kuja Mreno, zenye majina ya masultani wake na maneno ya kumtaja Mwenyezi Mungu yaliyotungwa kwa vina, upande huu ukijibu upande ule. Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2000 mahali pamoja, na hazina hiyo ilibadilisha yaliyokuwa yakijulikana juu ya fedha na biashara ya pwani katika zama hizo, kwa sababu zilichimbuliwa na wataalamu, zikaandikwa zilivyolala na vilivyokuwa karibu nazo. Sarafu ya Kilwa iliyookotwa ufukoni na kutiwa mfukoni, kisha ikatumwa ng'ambo na kurudi ikiwa na cheti kizuri, imethibitishwa kuwa ni ya kweli, lakini imepotewa na habari yote ambayo ni hiyo tu iliyokuwa ikiwapa watu wa pwani sababu ya kuijali. Sheria ya Tanzania ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na ile ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, zinakataza vitu kama hivyo kutolewa nchini bila ya kibali. Aliyeipata sarafu ya namna hiyo na asiipeleke kwa wakala wala posta. Naandike mahali alipoiona, kwa kadiri anavyokumbuka, na karatasi hiyo aifuatanishe na sarafu mpaka kwenye makumbusho ya taifa, Dar es Salaam au Nairobi, au Unguja kwa idara inayosimamia mambo ya kale.